Siku Mbili za Bi Mafundo

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Kama una kazi mkononi, endelea nayo taratibu, sauti itakufuata huko huko uliko. Leo tunamkumbuka mama mmoja aliyekuwa fundi cherehani. Amezikwa Jumanne ya wiki hii. Alikuwa na miaka sitini na nane. Mtaani kwake jina lake la kuzaliwa lilikwishasahaulika. Wakubwa walimwita Bi Mafundo, watoto wakamwita Bibi Mafundo, naye akaitika kote kote.

Nawaambia mapema, kipindi cha leo si chepesi. Mmenizoea nikiwaletea mtu aliyeishi vizuri, tunacheka kidogo, tunalia kidogo, tunaagana. Huyu aliishi vizuri kwa miaka hamsini na saba. Ile kumi na moja iliyobaki, anasema mdogo wake, hakuishi. Alikuwa anapumua tu. Nimejaribu wiki nzima kutafuta upande mwepesi wa habari hii, nimeshindwa, na sitawadanganya.

Lakini tuanze na siku nzuri, maana zilikuwepo.

Chumba chake cha kazi kilikuwa cha mbele, kinatazama barabara. Cherehani ya kukanyaga chini ya dirisha. Meza ya kukatia nguo, imechorwa chaki mpaka imekuwa nyeupe. Pasi, mkasi mkubwa, kopo la vifungo. Alishona sare za shule, alipunguza suruali, alibadilisha zipu. Na mlango wa nyuma wa chumba hicho ulifunguka uani, na uani ndiko kulikokuwa na bustani.

Msidhani ni bustani ya kupigia picha. Ilikuwa ya ndoo zilizotoboka, beseni zilizopasuka na makopo ya rangi. Mchaichai ulipangwa kando ya ukuta. Mrehani ulikaa karibu na mlango. Mshubiri ulikaa kwenye ngazi, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa akiungua na pasi kila wiki na hakutaka kwenda mbali. Tangawizi ilikuwa ndani ya gunia. Mnanaa aliufungia kwenye sinki kuukuu la kunawia, akisema ukiupa uwanja wazi, baada ya mwaka utakuja kukudai chumba cha kulala. Na kwenye kona palikuwa na mpera mmoja uliozaa kidogo, lakini majani yake yalifanya kazi kuliko matunda.

Kazi hiyo ya majani alifundishwa na mavyaa wake, yaani mama wa mumewe. Mavyaa huyo hakuwa na simile. Miaka miwili ya kwanza alimfanya apalilie tu, bila ruhusa ya kuchuma jani hata moja. Alimwambia ajue kwanza kila mmea ukiwa mchanga unafananaje, ndipo ashike kikombe. Bi Mafundo akapalilia miaka miwili. Akajifunza. Mnanaa kwa tumbo lililojaa gesi. Mchaichai na tangawizi kwa mafua. Majani ya mpera kwa tumbo la kuharisha. Kitunguu saumu na asali kwa kifua. Mumewe alipofariki, binti yao akiwa na miaka minne, cherehani iliwalisha, na bustani ikawapa watu wa kuzungumza nao.

Sasa sikilizeni habari ya mafundo, maana ndiyo kiini cha yote.

Nyumba ya pili kutoka kwake aliishi muuguzi wa hospitali. Walikuwa wakisalimiana vizuri. Kisha jirani mmoja akaumia mguu, akaja kwa Bi Mafundo, akawekewa majani wiki mbili. Mguu ukazidi kuvimba. Alipofikishwa hospitali, nusura ukatwe. Siku ya pili muuguzi aliingia chumba cha kushonea akiwa bado na sare yake ya kazi, hakukaa, hakusalimia. Akasema, "Majani yako sina ugomvi nayo. Nina ugomvi na siku zako."

Bi Mafundo alikuwa na mdomo, kila mtu alijua. Lakini siku hiyo hakujibishana. Aliacha kukanyaga cherehani, akauliza, basi siku ngapi? Muuguzi akamjibu tatu. Mtu mzima mwenye maradhi madogo, siku tatu. Mtoto mchanga, mjamzito, mtu anayepumua kwa shida, mtu mwenye degedege, hata funda moja asipewe, apelekwe hospitali hapo hapo. Wengine wote, siku tatu. Nasema tena: tatu.

Bi Mafundo akakata uzi kwenye kibiringo, mwekundu, akasema nitahesabu kwa huu.

Na hivyo ndivyo alivyofanya kwa miaka ishirini na sita. Ukija unaumwa, unapewa kikombe, na unafungwa uzi mwekundu mkononi, fundo moja. Kesho yake fundo la pili. Keshokutwa la tatu. Ukifika fundo la tatu hujapona, hakuna mjadala, anafunga cherehani na kukupeleka hospitali mwenyewe, futi ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni. Ukipona kabla ya hapo, anaukata uzi kwa mkasi wake mkubwa. Siku ya kukata uzi ilikuwa siku ya furaha. Unamwagilia bustani makopo mawili ya maji, unatukanwa kidogo kwa kumwaga vibaya, unaenda zako mzima.

Watu waliuogopa uzi ule kuliko walivyomwogopa mwenye nyumba. Kulikuwa na seremala mmoja, mtu wa miraba minne, aliyekuwa na kikohozi. Fundo la tatu lilipofika akaanza kuvaa mikono mirefu juani ili usionekane. Kisha akapanda kwenye paa alilokuwa akiezeka, akakataa kushuka. Bi Mafundo akasimama chini na futi yake shingoni, akamwambia, "Shuka, au napanda mimi, na mimi nikipanda hili paa lako litatujua." Akashuka. Hospitali wakakuta mapafu yana ugonjwa, bado mapema. Akatibiwa miezi sita. Seremala huyo yu hai mpaka leo. Ndiye aliyetengeneza jeneza la Bi Mafundo wiki hii, na amekataa kusema lolote kwenye kipindi hiki, amesema hawezi.

Huyo ndiye mama tunayemkumbuka. Mama wa siku tatu. Mdogo wake, ambaye waliishi naye nyumba moja, anasema dada yake hakujivunia majani hata siku moja. Alijivunia kuhesabu.

Wasikilizaji wapendwa, hapa ndipo pagumu.

Bi Mafundo alikuwa na mtoto mmoja tu, yule binti. Alikua, akawa msusi, mikono myepesi, saluni yake haikukauka watu. Akaolewa na dereva wa lori. Mumewe alikuwa mtu wa safari ndefu, wiki mbili, wiki tatu hayupo. Akiondoka, mke anarudi kwa mama yake, anasukia wateja kwenye kile kile chumba cha mbele, mama anashona, binti anasuka, mama mdogo anapika chai na kuwaambia wote wawili wanapiga kelele kuliko redio.

Miaka kumi na moja iliyopita, siku ya Jumatatu, binti aliamka na homa. Alikuwa na miaka thelathini na moja. Mama yake akachemsha mchaichai, akakata uzi, akamfunga. Fundo moja. Jumanne, fundo la pili. Jumatano asubuhi akamgusa paji la uso, limepoa. Binti akala, akacheka, akauliza mteja wake wa saa nne kama amekuja. Bi Mafundo akachukua mkasi, akaukata uzi. Binti akamwagilia bustani.

Alhamisi homa ikarudi.

Sasa mngoje hapa kidogo. Mfikirie mnavyotaka, lakini mfikirie polepole. Miaka ishirini na sita ule uzi ulikuwa na sheria moja: ukipona, unakatwa. Ukiumwa, unafungwa. Muuguzi hakuwahi kusema ifanywe nini homa ikiondoka na kurudi, na Bi Mafundo hakuwahi kuuliza, kwa sababu haikuwahi kumtokea. Muuguzi mwenyewe alikuwa amekwishastaafu na kuhama. Basi Alhamisi Bi Mafundo akafanya alivyozoea. Akakata uzi mpya. Akafunga fundo moja.

Ijumaa, fundo la pili. Jumamosi homa ikapoa. Akaukata. Mdogo wake anakumbuka kwamba safari hii alicheka kwa sauti, akasema, "Huyu ni mkaidi kama baba yake, lakini nimemshinda." Jumapili kutwa nzima alikuwa mzima. Jumatatu homa ikarudi, kali kuliko zote. Uzi mpya. Fundo moja. Jumanne asubuhi, fundo la pili, na binti akashindwa kusimama.

Hapo Bi Mafundo hakungoja fundo la tatu. Kwa hilo tumpe haki yake. Alimfunga binti yake kanga, wakamshika yeye huku na mdogo wake huku, wakaingia hospitali kabla ya saa tatu. Ukumbi ulikuwa umejaa. Wakakaa kwenye benchi la mbao, kisha zamu yao ikafika. Daktari alikuwa kijana, mpole, amechoka. Akauliza, mgonjwa ameumwa siku ngapi?

Binti alikuwa ameegemea bega la mama yake, hawezi kusema. Bi Mafundo akautazama mkono wa binti yake.

"Mbili," akasema.

Hakudanganya, wasikilizaji wapendwa. Hilo nataka lisikike vizuri. Alikuwa anausoma uzi. Miaka ishirini na sita alikuwa akijibu hivyo, anatazama mkono, anasoma mafundo, anajibu. Daktari akaandika mbili. Homa ya siku mbili. Akachukua damu, akatoa dawa ya kushusha homa, akawapeleka chumba cha kungojea pamoja na wengine wa homa za siku mbili. Majibu ya damu kesho. Alasiri binti akaanza kuita watu ambao hawakuwepo. Jioni akalazwa. Mama yake na mama yake mdogo wakakaa barazani.

Jumatano asubuhi Bi Mafundo aliamka kwenye lile benchi, akatafuta mfukoni kipande cha uzi. Alitaka kwenda kufunga fundo la tatu. Mdogo wake alikuwa pembeni yake, na haya ndiyo aliyoniambia. Dada yake alisema taratibu kwamba leo ni ya tatu. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole. Jumatano. Jumanne. Jumatatu. Kisha kidole kikaendelea chenyewe. Jumapili, Jumamosi, Ijumaa, Alhamisi. Akafika Jumatatu ile nyingine. Mdogo wake anasema aliuona uso wa dada yake ukimwagika. Akasimama ili amtafute yule daktari, amwambie si mbili, andika tisa, jana ilikuwa ya tisa. Alipofika mlangoni, mlango ukafunguliwa kutoka ndani, na aliyetoka alikuwa amekuja kuwaambia kwamba binti amefariki.

Siku tisa. Nyuzi tatu. Na katika nyuzi zote hizo, hakuna uliowahi kufika fundo la tatu.

Mume wa marehemu alifika Alhamisi, moja kwa moja kutoka barabarani, nguo zina mafuta. Alimkuta mama mkwe wake amekaa chini, ameegemea miguu ya cherehani. Akapiga magoti mbele yake. Akamwuliza, "Mama, aliumwa siku ngapi?"

Bi Mafundo akamtazama. Kijana huyu alikuwa hana baba wala mama, alimwita yeye mama tangu siku ya posa na hakuwahi kuacha. Akamjibu, "Mbili."

Safari hii alidanganya.

Kijana akainama. Halafu akasema kwamba siku mbili tu, hapo hakuna ambaye angeweza kufanya kitu. Na kuanzia saa ile, ile mbili ikawa ndiyo habari. Waliokuja kutoa pole waliambiwa siku mbili. Walioulizana njiani waliambiana siku mbili. Watu wakamwonea Bi Mafundo huruma, wakamshika mikono, wakamwambia hukupata hata nafasi ya kupigana. Kila aliyemwambia hivyo alimchoma kisu na kwenda zake akidhani amemfariji.

Wiki moja baada ya mazishi alimwambia mdogo wake anataka kumweleza mkwe ukweli. Walikuwa uani. Mdogo wake alimkataza. Alimwambia, "Nyamaza, dada. Umeshamzika mmoja. Ukimwambia huyu, utamzika wa pili." Mdogo mtu analia akinisimulia haya. Anasema alidhani anamwokoa kijana. Anasema leo hajui alikuwa anamwokoa nani.

Miaka kumi na moja. Nasema tena: kumi na moja.

Bi Mafundo hakumpa mtu jani tena. Waliokuja aliwajibu kupitia dirishani, bila kuinua kichwa, waende hospitali. Hospitali leo, si kesho. Watu wakasema huzuni imemfanya mkali. Bustani hakuing'oa, aliiacha tu. Tangawizi ikaoza guniani. Mrehani ukakauka. Mnanaa ukatoka kwenye sinki lake, ukatambaa uwanja mzima, ukafika mlangoni, naye alikuwa akiukanyaga kwenda kuanika nguo, na nyumba nzima ikawa inanukia vizuri. Mdogo wake anasema harufu ile ilimtesa, lakini alikataa katakata bustani isafishwe. Uzi mwekundu alikoma kuutumia. Mteja akileta sare yenye nembo nyekundu, alimpelekea fundi mwingine.

Na yule kijana hakukoma kuja. Hilo ndilo lililommaliza. Kila akirudi safari, lori linasimama njia kuu, yeye anashuka na mfuko mkononi. Alimrekebishia paa. Alimbadilishia mkanda wa cherehani. Alioa tena baada ya miaka mitano, na mke mpya alimleta kwa Bi Mafundo kabla hajampeleka kwa mtu mwingine yeyote, akamwambia, huyu ndiye mama yangu, alimpigania mwenzangu siku mbili bila kufumba macho. Bi Mafundo akamkumbatia yule mke. Kisha akasema anakwenda kuteleka chai. Mdogo wake alimfuata jikoni, akamkuta amesimama mbele ya jiko lisilowashwa.

Mara moja tu alijaribu. Ilikuwa mwaka wa saba. Mkwe alikuwa amekaa mlangoni anafunga kamba za viatu, tayari kuondoka. Bi Mafundo akaanza, "Mwanangu, zile siku..." Mkwe akajibu haraka bila kuinua uso, "Mama, zile tusizirudie." Akaondoka. Bi Mafundo akaamini kwamba ameonewa huruma, na kwamba hastahili huruma ile. Hakujaribu tena.

Mwaka huu kifua kilimshika. Akakonda. Alimficha mdogo wake kwa kula kidogo kidogo mbele yake na kusema ni uzee. Mdogo wake alikuwa amekwenda kumwuguza rafiki yake kwa wiki chache, na aliporudi alishtuka. Akampigia mkwe simu. Ijumaa ya wiki iliyopita mkwe alikuja, akamkuta amelala juu ya mkeka chini ya meza ya kukatia, akambeba mikononi mpaka kwenye gari. Anasema alikuwa mwepesi kama mzigo wa nguo zilizofuliwa.

Wakaingia hospitali. Daktari mwingine, ukumbi mwingine, lakini swali ni lile lile. Mama ameumwa siku ngapi?

Mkwe alikuwa amesimama karibu na kitanda. Bi Mafundo hakumtazama daktari. Alimtazama mkwe. Akasema, "Thelathini na nne. Nimehesabu zote. Hata zile nilizoamka nafuu."

Daktari akaandika thelathini na nne. Mkwe akasema anatoka kununua maji ya kunywa.

Alikwenda, wasikilizaji wapendwa. Alivuka barabara, akanunua maji, akakaa ukingoni mwa mfereji karibu saa nzima na chupa haijafunguliwa. Aliporudi, mama alikuwa amewekewa oksijeni na amefumba macho. Hakuyafumbua tena. Jumapili saa nne asubuhi Bi Mafundo alifariki, mdogo wake akiwa upande mmoja na mkwe wake upande mwingine.

Juzi Alhamisi mkwe huyo alikuja hapa studio. Hatukumwita. Alikaa kwenye kiti kilicho mbele yangu, kofia yake magotini, akaomba aseme na apewe muda. Nimemwomba ruhusa niyasome maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu sauti yake siku hiyo haikutosha kwa redio. Alisema hivi:

"Mke wangu alinipigia simu Jumatatu ile ya kwanza. Akaniambia ana homa, amefungwa uzi, tukacheka. Alhamisi akanipigia tena, akasema imerudi. Akaniuliza, niende hospitali? Mimi nilikuwa kwenye foleni ya malori, nina hasira zangu. Nikamwambia tulia hapo hapo kwa mama, mama anajua kuliko hao. Hayo ndiyo niliyomwambia. Kwa hiyo mama aliposema mbili, nilijua si mbili. Nilijua ni tisa, nilijua pale pale nikiwa nimepiga magoti. Lakini niliichukua ile mbili. Nilikuwa naihitaji. Nikasema ikiwa ni mbili, basi simu yangu ile haikuwepo. Miaka yote nikija pale nilikuwa nasema moyoni, leo ataanza yeye, atasema tisa, na mimi nitamwambia najua, mama, na mimi nina langu. Siku alipoanza nikamziba mdomo. Na hospitali alipoanza tena, nikaenda kununua maji."

Nilimwuliza kama kuna la kuongeza. Akasema hakuna. Akavaa kofia yake, kisha akaivua tena kwa sababu bado alikuwa ndani ya nyumba ya watu.

Mdogo wa Bi Mafundo, ambaye alikuwa amekatazwa na nafsi yake mwenyewe kusema chochote, amekubali kuzungumza nasi baada tu ya kusikia kwamba mkwe amesema. Kwa hiyo, kumbe walikuwa watatu. Nyumba moja, chai moja, watu watatu, na kila mmoja ameibeba ile tisa kivyake.

Watu wa hospitali nimewauliza. Je, daktari yule kijana angeandika tisa badala ya mbili, binti angepona? Wamenijibu kwa upole kwamba hawajui. Labda asubuhi ile hata tisa ingekuwa imechelewa. Labda la. Bi Mafundo alilibeba swali hilo miaka kumi na moja, na mimi siwezi kumjibia leo.

Kwa mdogo wa marehemu, pole sana, mama. Kwa mkwe wake, pole, ndugu yangu, na ahsante kwa kuja. Kwa mke wako, aliyeingia katika msiba huu bila kujua ukubwa wake, pole. Kwa seremala, kwa jirani wa mguu, kwa wote waliowahi kukatiwa uzi na kumwagilia ile bustani, poleni. Nawaomba wote mnaonisikiliza mkae kimya kidogo leo mkimfikiria mama huyu. Wenye mchaichai uani, chemsheni, hakuna ubaya. Lakini homa ikipoa kisha ikarudi, hesabuni tangu siku ya kwanza kabisa, na mkiulizwa, semeni namba hiyo. Na kama nyumbani kwenu kuna namba ambayo kila mtu anaijua na hakuna anayeitaja, sina la kuwashauri. Ninayo ya kwangu, na bado sijaitaja.

Limebaki jambo moja, nalo ni ombi la mkwe. Miaka kumi na moja iliyopita kituo hiki kilisoma tangazo la kifo cha msusi, mke wa dereva wa lori, binti pekee wa fundi cherehani. Tulisoma kwamba alifariki baada ya kuugua kwa siku mbili. Niliyesoma nilikuwa mimi. Familia imeomba tangazo lile lisahihishwe, hata kama aliyetakiwa kulisikia ametangulia. Aliugua kwa siku tisa. Nasema tena: tisa.